Klarineti Iliyovutwa Shingo

Mimi ni wa Kalamba, Makueni, na watu wa kwetu hatujui kushindwa kimya kimya. Tukishindwa, tunashindwa kwa kelele. Nilipoolewa Nuu nilikuja na nguo zangu na klarineti niliyojifunza kupiga katika bendi ya magereza, nikamkuta mama mkwe, Mbithe, ambaye ndiye huanzisha nyimbo zote kanisani kwao.

Kanisa letu halina kinanda. Mwaitu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, hufumba macho, huvuta pumzi na kuanza pale roho yake inapomtuma, na kanisa zima humfuata. Sikio langu la bendi liligundua kwamba roho humtuma mahali pale pale kila Jumapili: chini kidogo ya klarineti yangu. Ni kidogo tu, lakini hata kokoto ndani ya kiatu ni kidogo. Jua likichemsha mabati mambo huzidi, kwa sababu hewa ya moto huipandisha klarineti, naye mwaitu habanduki alipo.

Siku ya Pasaka nilijaribu kumsindikiza. Lo! Tulisikika kama mbuzi wanaogombea lango. Watoto walicheka wazi, wazee wakajifanya wanakohoa. Mwaitu aliketi wimbo ukiwa katikati, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Sasa Ndunge, kitinda mimba wake na wifi yangu nimpendaye kupita wote, alikuwa anaolewa Jumamosi. Akatangaza tukiwa jikoni, "Mimi nataka kuingia kanisa na sauti ya mwaitu na klarineti ya Wayua. Zote mbili."

"Hiyo kitu yake ikifanya watu wanicheke tena," mwaitu alisema akichambua ndengu, "nitakaa nyuma kabisa ninyamaze. Mtaweka muziki ya spika."

Mama anyamaze mtoto wake akiingizwa kanisani! Na sababu iwe mimi! Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilitoa simu yenye mshale wa kupima sauti, nikamwambia aimbe.

"Mwaitu, panda kidogo."

"Nipande wapi? Mimi nimeanzisha nyimbo hapa kabla hiyo simu izaliwe."

"Basi tutachekwa tena!"

"Tutachekwa na nani? Wewe ndio ulichekwa."

Ndunge alitutazama kama anayefikiria kutoroka na bwana harusi usiku ule ule. Nikaona aibu. Kama mwaitu hapandi, basi ni klarineti itakayoshuka, na klarineti hushuka ikirefushwa. Kati ya mdomo na mwili wake kuna kipande kifupi kiitwacho bareli. Nikakivuta kikaacha mwanya, nikapuliza.

Noti ndefu, zile zinazopita mwili mzima hadi chini, zilishuka zikamkaribia mwaitu vizuri. Nikacheka kwa furaha. Kisha nikafika kwenye noti fupi, ambazo hewa hutokea kwenye matundu ya juu tu, nazo zikazama kisimani. Ndivyo ilivyo: ongeza urefu wa kidole kimoja kwenye kamba ndefu, hakuna atakayejua; ongeza kidole hicho hicho kwenye kamba fupi, kila mtu ataona.

"Hapo umezama," mwaitu alisema bila kuinua macho kwenye ndengu.

"Nimesikia!"

"Hiyo kitu inaachana wapi tena?"

"Hapa katikati, na hapa chini kwa kengele, hii sehemu imepanuka."

"Sasa mbona unavuta shingo peke yake kama kuku ya Krismasi?"

Ndunge alicheka mpaka ungo ukamwagika. Mimi nilitaka kukasirika, ila nilimkumbuka mwalimu wangu wa bendi, Nzau, aliyetupigia kelele juu ya jambo hilo hilo: usiiachie bareli kazi yote, gawanya. Sikuwahi kumtii kwa sababu viungo vya klarineti yangu vimelegea. Koki yake, gamba laini la kubana viungo, imesinyaa kwa ukavu wa Nuu, na nikivuta katikati huning'inia kama jino bovu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilizungushia viungo uzi wa kushonea mpaka vikakaza. Nikarudisha bareli ndani karibu nusu, nikavuta katikati kidogo, na kengele kidogo zaidi. Nikapuliza tena. Noti fupi zilipanda, ndefu zikabaki chini, zote zikakaa kiti kimoja.

Mwaitu aliacha ndengu, akafumba macho, akaimba pamoja nami. Sikuweza kusikia ninapoishia na anapoanzia.

"Vai thina," alisema. Hakuna shida. Kisha akatoka haraka kwenda kutazama mbuzi ambao walikuwa wameshatazamwa. Alikuwa anaficha tabasamu.

Jumamosi kanisa lilijaa hadi madirishani. Mlango ukafunguliwa, Ndunge akasimama pale na shela lake. Mwaitu akainuka, lakini safari hii hakufumba macho. Alimtazama mwanawe. Sauti ikatoka juu sana, huko kwenye mabati, mahali ambapo hajawahi kuanzia maishani, kisha ikakatika. Machozi yakamtiririka.

 Kijana wa spika akanyoosha mkono kwenye kitufe, nikamkata jicho akaurudisha. Niliona mwaitu akianza kuinama aketi, kama siku ile ya Pasaka.

Hakuketi. Alinigeukia mbele ya watu wote, yeye ambaye hajawahi kuomba sauti kwa mtu.

"Wayua," alisema. "Nipe ile yangu."

Nikampa. Noti moja tu, pale chini kidogo, mahali ambapo hakuna bendi inayopiga. Aliisikiliza, akafumba macho, akaichukua. Kanisa likaitikia, vigelegele vikapasuka, na Ndunge akaingia akicheza huku analia, nami napuliza huku nalia, kazi ambayo siwashauri wenye klarineti.

Mpaka leo sijavirudisha vile viungo. Klarineti yangu hailingani na kinanda chochote, na uzi nimeufunga palepale.