Mate ya Bibi

Kacha, kacha. Kopo la vidonge lilitikiswa jikoni kabla ya alfajiri, gizani, na mshonaji akajua mama mkwe wake amerudi. Alikuwa na miezi tisa kaburini. Ngozi ya mikono yake bado ilibanduka kama ganda la kitunguu, vile vile kama siku aliyokufa, wiki mbili baada ya kuanza vidonge vya kifafa.

"Mjukuu wangu bado anaanguka?"

"Bado, mama. Jana kaangukia cherehani. Mwisho wa mwezi anaanza dawa."

"Ile ile?"

"Ndiyo iliyopo."

Basi wakaongozana hadi zahanati, bibi, mshonaji na binti yake wa miaka saba. Huko walikuwa wanakusanya mate ya kupima vinasaba. Tangazo lilieleza kwamba mwongozo wa dawa uliandikwa kwa kupima damu za watu wa mbali, na sasa watu wa hapa nao walihitajika.

Muuguzi alimpa bibi kichupa. "Shikamoo, bibi. Nusu saa hii umekula chochote?"

"Marahaba. Sijala tangu mwaka jana."

"Safi. Tema mpaka kwenye mstari."

Kinywa cha maiti ni kikavu. Mtoto alijaza chake mara moja, lakini bibi alitema tangu saa mbili hadi adhuhuri, mshonaji akimtajia ndimu na embe bichi, benchi zima likimhesabia matone.

Bibi hakurudi kaburini. Alilala chini ya cherehani, akisubiri majibu.

Daktari aliziweka karatasi mbili pamoja. "Bibi na mjukuu mmefanana. Miili yenu haipatani na dawa hii. Inaweza kuua."

"Basi mwandikie nyingine, daktari," mshonaji alisema.

"Nyingine hailetwi mpaka mwongozo ubadilike. Mwongozo unataka watu elfu tano. Nyinyi mko wawili."

Bibi alikuna mkono, ngozi ikadondoka mezani. "Huko nilikotoka tuko wengi tuliobanduka hivi. Niwaite?"

"Waje Jumatatu. Wasile kitu."

Jumatatu foleni ya marehemu ilizunguka zahanati mara mbili, kila mmoja na kichupa chake, wakiwaza ndimu. Hawakuleta fujo. Daktari alipiga nao picha ya ripoti. Hadi jioni walikuwa mia tatu na kumi.

Mtoto alikuwa ameanguka mara tatu tangu asubuhi, na ulimi ameuuma. Dirisha la dawa lilimpa mshonaji kopo jipya la vidonge vile vile. Alikivunja kimoja katikati, akitumaini kwamba nusu itakuwa na huruma, akampa mwanawe pamoja na maji.

Mtoto alimeza. Akaitazama mikono yake, kisha foleni.

"Bibi, nishikie nafasi," alisema.