Aliyemwoa Gati

Mtoto alikuwa akinyonya kipande cha chaki. Bibi Gaudensia alikitoa kinywani mwake taratibu, akamfuta mate meupe kwa ncha ya khanga, kisha akarudisha kidole kwenye mstari tuliokuwa tukiusoma. Darasa zima la wanawake lilicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa mtoto yule alikuwa na masikio ya ukoo wetu, na kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kumwita mjukuu wangu.

Kwetu, upande huu wa Butiama, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kujiolea msichana. Msichana huyo humzalia watoto na mwanamume atakayechaguliwa, na watoto huitwa kwa jina la marehemu. Ndiyo nyumba ntobhu. Nimeiona tangu utotoni, wala sikuwahi kuiogopa, mpaka ilipobisha hodi kwangu ikiwa na sura ya mwanamke niliyempenda.

Mimi na Gaudensia tulianza pamoja darasa la watu wazima, tukakaa dawati moja. Madawati yalikuwa ya shule ya msingi, magoti yetu yakigonga mbao. Asubuhi alisomea humo binti yangu Gati, wa darasa la saba. Jioni tuliingia sisi. Nyumbani Gati aliniandikia herufi kwenye unga wa muhogo uliotandazwa juu ya ungo, nami nikazifuatisha.

"Legeza kidole, mama," alinitania. "Herufi haiumagi."

Habari hizi nilimsimulia Gaudensia kila jioni. Alizisikiliza kwa macho yaliyolowa, mjane asiye na mtu wa kumwandikia chochote juu ya unga.

Kisha ikaja wiki ambayo Mwalimu Leodgar alitufundisha haki za mtoto: jinsi mataifa ya dunia yalivyoafikiana mwaka 1989, jinsi nchi yetu ilivyoridhia, na baadaye ikatunga Sheria ya Mtoto. Gaudensia alisoma ubaoni, neno baada ya neno, jasho likimtoka: "Mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane." Hakuwa amewahi kumaliza sentensi ndefu kiasi kile. Akanipiga paja kwa furaha.

"Maneno matamu haya, mwenzangu. Watoto wa Gati tutawasomea."

Nilidhani anazungumzia miaka ya mbali. Nilipofika nyumbani nilikuta ng'ombe wageni zizini, na godoro la Gati halipo.

Mume wangu, Werema, alikuwa akinoa panga, hakuinua macho. "Hajaenda kwa mwanamume," alisema. "Ameenda kwa yule mama wa dawati lako. Huko hapigwi, analala kwenye nyumba ya bati. Ulitaka nini zaidi?"

"Nataka arudi shule."

"Kajue kusoma wewe kwanza, ndio uje unifundishe."

Nilikwenda. Kata walinielekeza Bunda, Bunda wakanielekeza Musoma, na kila niliporudi mahindi yalikuwa yameongezeka urefu. Huko Musoma nilimpata afisa mmoja wa ustawi wa jamii, kijana, mpole, aliyenivutia kiti.

"Aliyemwoa ni nani, mama?"

"Bibi Gaudensia."

Kalamu ilisimama. "Mume, mama. Nauliza mume wake."

"Ndiye huyo."

Aliahidi kuja, na alikuja, lakini mahindi yalikuwa yameshavunwa. Ng'ombe wa Gati nao walikuwa wameshaondoka zizini kwetu: Werema alimwolea nao mwanangu mkubwa, Mugeta, na mke wa Mugeta alikuwa tayari na mimba.

Gaudensia alimpokea afisa kwa uji wa ulezi. Majirani walijaa uani. Gati aliitwa, alitoka jikoni akijipangusa mikono, amekonda mashavu, khanga imefungwa juu ya tumbo kwa namna ambayo kila mwanamke pale aliielewa.

"Binti, usiogope," afisa alisema. "Hapa unaishi na nani?"

Gati alinitazama. Moyo wangu ulimsukuma: sema, mwanangu, sema. Kisha macho yake yalinipita, yakatua nyuma yangu, kwa mke wa Mugeta aliyesimama akiwa ameshika kiuno.

"Niko kwa bibi yangu. Namsaidiaga kazi."

"Na mimba hiyo?"

"Ya mvulana. Simjui jina."

Afisa aliwageukia majirani. Kila mmoja alipata kitu cha kutazama chini. Akamaliza uji wake polepole, kama mtu anywaye dawa, akasema nimtafute nikipata shahidi.

Nilimfuata Gati jikoni. Nilitaka kumtikisa. Yeye alichochea kuni, akasema bila kunigeukia:

"Nikirudi, ng'ombe watadaiwa, mama. Huyo wa Mugeta atarudishwa kwao na tumbo lake. Umeshamuuliza umri wake?"

Sikuwa nimemuuliza. Mimi, niliyebeba sheria kichwani hadi Musoma, nilikuwa nikimtuma mtoto yule kuteka maji kila asubuhi.

"Tuko sawa," Gati alisema. "Yeye amezaliwa mwezi mmoja tu kabla yangu."

Jioni ile ya chaki, mtoto wa Gati alianza kulia. Gaudensia alimweka begani huku akihangaika na mstari uliobaki: "Mtoto ana haki ya kucheza na... ku... kupu..." Alirudia, akakwama tena.

"Kupumzika, mama," sauti ilisema taratibu.

Gati alikuwa amesimama nje ya dirisha, ndoo ya maji kichwani, amekuja kunyonyesha. Gaudensia alimpitishia mtoto dirishani. Mwalimu Leodgar, aliyemfundisha binti huyu asubuhi nyingi, aligeukia ubao, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

"Mkwe wangu," Gaudensia alininong'oneza, "una binti mwenye akili."

"Haya, wote pamoja," alisema mwalimu.

Tukasoma wote pamoja, kwa sauti kubwa, huku ndoo ikipita nje ya dirisha la pili, halafu la tatu.