Mtihani wa Magoti

Ukitaka kumuudhi Kocha, piga magoti kwenye ubao wake wa kupigia kasia ziwani. Siku ya kwanza alikuvumilia, maana hata mtoto huanza kwa kutambaa. Siku ya pili alianza kukusema. Siku ya tatu, kama bado umeng'ang'ania magoti na kasia umelikumbatia, alisimama ukingoni mwa ziwa na kukutangaza mpaka wapita njia wasikie: "Magoti ni ya sala. Humu tunasimama."

Watu walimpenda na mdomo wake huohuo. Walimpenda zaidi kwa mtihani wake wa siku ya mwisho. Mwanafunzi alitumwa peke yake, amesimama juu ya ubao, apige kasia mpaka boya la njano na kurudi. Akifika katikati, Kocha alipaza sauti kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua, "Piga magoti! Piga magoti!" Aliyetii alikuwa amefeli, na jioni ile aliosha mbao zote kumi na mbili. Aliyebaki amesimama alikuwa amefaulu. Cheti hakuna, kicheko tele.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na mitano alishikilia kwamba kusimama juu ya maji ni kazi ya watu wasio na nguo za kufua. Msimamo huo ulivunjika siku Kocha alipoanguka. Hakuanguka majini, ambako angalau angejitetea. Alianguka kutoka kwenye ngazi akiziba paa la banda, bega likachomoka. Daktari akamfunga mkono kifuani na kumwambia wiki sita. Likizo za shule zilikuwa mlangoni, wanafunzi wapya wameshajiandikisha, na wa kuwafundisha hakuna.

"Basi nifundishe mimi," mkewe akasema, pini zikiwa mdomoni.

Kocha alicheka peke yake. Wiki tatu baadaye alikuwa hacheki tena, kwa sababu mama yule alisimama kwenye ubao kana kwamba anasubiri zamu dukani.

Asubuhi ya mtihani wake maji yalikuwa yametulia kama chai kwenye sahani. Kocha alitazama mlingoti juu ya banda kwa mazoea tu, maana kibendera cha kupimia upepo kilichanika mwezi uliopita. Kipya kilikuwa nyumbani, kimeshakatwa, kimelala chini ya mguu wa cherehani, kwani fundi wake alikuwa anashinda ziwani. Akayaangalia tena maji, akaridhika. Mwanafunzi wa wiki moja ungemsamehe. Kocha alikuwa na miaka kumi na mitano pale, na alijua fika kwamba miti iliyo nyuma ya banda inakinga ukingo, na kwamba upepo wa kutoka nchi kavu hauonekani karibu. Kazi yake unaianzia mbali.

"Nikifaulu leo, kesho wanafunzi ni wangu," mkewe alisema, akijifunga kifundoni mwa mguu ile kamba inayomshika mtu na ubao wake.

"Ukifaulu."

"Na wewe utakaa kwenye kiti chako unyamaze."

"Hilo sikuahidi, mama."

Mkewe akakaza jaketi la kujiokolea, akaondoka.

Alienda vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Alifika kwenye boya upesi mno, akalipita. Kocha alidhani ni maringo. Kisha akaona maji ya kule mbele yamekuwa meusi, yamekunjamana, na mkewe anapiga kasia upande mmoja kwa nguvu, ubao unageuka kidogo, halafu pua yake inarudishwa kulekule. Mtu aliyesimama juu ya ubao anaukingia upepo mwili mzima, na upepo hauombi ruhusa. Dawa ni moja, na hata kocha wa kubahatisha anaijua: shuka, piga magoti, upepo ukose pa kukushika, ndipo upige kasia urudi.

"Piga magoti!" akapaza sauti.

Sauti ilifika. Upepo wenyewe ulikuwa unaibeba kutoka kwake kwenda kwa mkewe. Alimwona amegeuza kichwa, akainua kasia juu mara moja kama mtu anayesema sidanganyiki, akatanua miguu, akakunja magoti kidogo tu, akasimama imara. Hivyo hasa ndivyo alivyomfundisha.

"Si mtihani! Sikiliza, si mtihani!"

Hata hilo alikuwa ameshalitumia. Mwezi uliopita alimpigia kelele hizohizo mwalimu mmoja wa hesabu, mwalimu wa watu akaamini, akapiga magoti, akaosha mbao mpaka jioni. Aliyecheka kuliko wote siku ile alikuwa mkewe, aliyemletea chakula cha mchana akakuta mchezo. Sasa Kocha alitafuta neno ambalo hajawahi kulichezea, akakosa.

Akaburuta ubao kwa mkono mmoja, akaulalia kifudifudi, akaanza kupiga maji kwa kiganja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ubao ulizunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, ukampindua, akanywa maji. Mlinzi wa banda aliingia na viatu vyake, akamvuta kwa ukosi wa shati.

"Kocha, unataka tutafute wawili?"

"Boti."

"Injini yake iko kwa fundi tangu Jumatatu. Wewe ndiye uliyeipeleka."

Mlinzi akawapigia simu wachimba mchanga wa ng'ambo, ambao walikuwa na boti. Walijibu kwamba imejaa, wapakue kwanza, nusu saa, labda zaidi kidogo. Waungwana kabisa, wala hawakukataa. Kocha alisikia hiyo nusu saa akahisi kama imewekwa juu ya bega lake bovu.

Kule mbali mkewe alikuwa mdogo kama sindano, bado amesimama. Ndipo Kocha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Aliingia mpaka maji yakafika mapajani, akapiga magoti, maji yakamfika kifuani. Akainuka, akapiga tena, na tena, ili mkewe amwone, ili aelewe. Alikuwa analia waziwazi. Mlinzi aligeuka, akajifanya anasikiliza simu iliyokwisha kukatwa.

Sindano ile iliinua kasia, ikapunga. Baada ya hapo haikuonekana tena.

Wachimba mchanga walimleta saa saba mchana. Walimkuta amelalia ubao, kamba bado iko mguuni, na bila kamba hiyo wasingekuwa na cha kuleta. Midomo ilikuwa imepasuka, vidole havikunjuki. Mwenye boti alimbeba, akamweka kwenye kiti cha Kocha, na mlinzi akamfunika koti lake.

"Nilikusikia," mkewe alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kila ulipoita, nilikusikia."

Kocha alimvutia koti lile mabegani.

"Nikaona unainuka, unaanguka majini, unainuka, unaanguka. Nikasema huyu leo atakufa kwa kucheka. Nikasema sikupi raha hiyo." Akavuta pumzi. "Nimesimama mpaka miguu ikakataa yenyewe. Sikupiga magoti mimi. Nilianguka."

Mwenye boti aliinamisha macho, akaanza kukamua kofia yake.

"Sasa niambie," mkewe akasema. "Nimefaulu?"

"Umefaulu," Kocha akasema, kwa kuwa aliulizwa. Akapiga magoti mbele ya kiti ili amfungue ile kamba mguuni. Mkanda wa kamba hiyo ulikuwa umelowa, umekaza, unataka mkono mmoja uushike na mwingine uuvute. Alihangaika nao kwa mkono wake mmoja, akajaribu na meno, haukuachia. Mwishowe mkewe aliinama na vidole vyake vilivyokakamaa, akamsogeza kidogo, akajifungua mwenyewe.