Jibu la Mama Lililofungiwa Karanga

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya riwaya ninayoisoma, na jalada lake likanitaka nivue viatu kwanza. Nikavua bila ubishi. Mcheza kwao hutunzwa, na pale si kwetu.

Mlangoni mwa nyumba amesimama Sekela, mhusika mkuu, yule aliyemkana mama yake mbele ya wakwe akasema ni mtumishi wa ndani. Kichwani ana furushi zito kama gunia la mahindi.

"Umebeba nini, dada?"

"Dhamira ya ukombozi. Si mlifundishwa shuleni kwamba dhamira hubebwa na wahusika? Ndiyo hii. Shingo inaniuma."

"Si uitue?"

"Siwezi mpaka mama aniitikie. Nimeshamwamkia, nimeshamwomba radhi. Jibu lake liko ukurasa unaofuata."

Hapo nikaona aibu. Kitabu changu ni cha mtumba, na ukurasa huo wa mwisho ulichanwa kabla hakijanifikia. Shikamoo ya Sekela bado inaning'inia hewani, imeanza kupauka kama nguo iliyosahauliwa kambani. Nilimhurumia kweli. Heri kofi kuliko shikamoo isiyoitikiwa.

Mara mlango ukawa meza ya muuza karanga. Karanga zimefungwa kwenye karatasi za vitabu, na karatasi moja inakohoa.

"Wewe ndiye ukurasa wa mwisho?" nikaiuliza.

"Ndimi. Nifungue taratibu, nina mtu mzima ndani."

Nikafungua. Mama yake Sekela ameketi katikati ya karanga, anamenya moja bila haraka.

"Shikamoo, mama. Mwanao anangoja umwitikie."

"Marahaba. Bado anangoja?" Akaacha kumenya. "Mbona nilimwitikia palepale, hata hajamaliza kupiga goti! Ninyi ndio mlionichana mkanifungia karanga."

Nikambeba viganjani, karanga na yote, hadi mlango uliporudi kuwa mlango. Akashuka, akamtazama bintiye.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikutue."

Wakalishusha furushi pamoja. Sekela akakaa sakafuni akalia, mama akawa anamsugua shingo. Mimi pia nikalia, kwa furaha, na jalada likasema limeingiwa na vumbi machoni.

"Ahsante, dada," Sekela akaniambia.

"Maneno matupu hayo," mama yake akasema. "Mpe karanga. Amehangaika."

Sekela akanitia karanga kiganjani, nikafumba ngumi, nikaamka. Kumekucha, na kitabu kiko kifuani, ukurasa wa mwisho bado haupo. Moyo ulinijaa shukrani, maana mama yangu mimi yupo hai na anapokea simu. Nikampigia hapohapo, mkono mmoja ukiwa bado umefumba ngumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, hata sijamaliza. Kisha akatega sikio. "We Tumpe, unatafuna nini asubuhi yote hii?"