Kufuli la Wilfred

Agnes wa maabara alimtoa Wilfred, fundi wa kompyuta wa hospitali ya misheni, kanisani katikati ya mahubiri. Alimvuta shati kwa nyuma, tena kwa nguvu, hata waliokaa benchi lile wote wakageuka.

"Kompyuta hazifunguki," alisema walipofika mlangoni.

"Ipi?"

"Zote. Na kuna mama anavuja damu."

Walikata njia kupitia bustani ya kabichi ya masista, majani yakiwa bado yamebeba mvua ya usiku, suruali ikalowa mpaka magotini. Agnes alimweleza kwa vipande huku akihema. Mama mwenyewe ni Mwanvita, mke wa Rehani anayelima iliki na mdalasini. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Hii ya tatu imeleta mtoto wa kike, mzima, alfajiri ile, lakini damu ya mama imegoma kukata. Kundi lake ni O hasi. O chanya Agnes alishaijaribu na damu yake kwenye kipande cha kioo, ikagandana. Mwili wa Mwanvita ulikwisha jifunza kuikataa tangu zile mimba. Kwenye friji kulikuwa na mfuko mmoja tu wa O hasi, nao ulikuwa umeshaning'inia juu ya kitanda chake. Barabara ya kushuka Morogoro ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu Alhamisi usiku.

"Nipe orodha tu," Agnes alisema. "Nipe orodha, kaka Wilfred, mengine nitayafanya mwenyewe."

Hospitali ile ya misheni haikuwa na benki ya damu. Damu yake ilikuwa inatembea milimani, ndani ya watu. Kila aliyekubali, Mkristo kwa Mwislamu, alipimwa, akaandikwa jina, kundi na namba ya simu. Shida ikitokea anapigiwa, anaacha jembe, anakuja. Zamani majina yalikaa kwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Baadaye yakahamishiwa kwenye kompyuta na daftari likachomwa moto. Aliyesema lichomwe ni Wilfred.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita majibu ya mtu mmoja aliyetoa damu yalisikika gulioni, pamoja na jina lake na la mkewe. Mtu yule alihama mlima. Wilfred alichunguza miezi miwili mpaka akaona uvundo unatoka wapi. Maneno ya siri ya wauguzi yalikuwa yanasafiri kwenye waya yakiwa wazi. Mtu akichomeka mashine yake kwenye tundu la ukutani pale koridoni aliyasoma kama unavyosoma kanga ya mwanamke aliyekutangulia njiani.

Kompyuta za hospitali zilikuwa kumi na moja, kuukuu, za msaada, zote za mfumo wa Linux. Zenyewe hazikumjua mtu. Muuguzi akiandika jina lake na neno la siri, kompyuta iliiuliza seva iliyoko ofisini Mafiga, mjini Morogoro: huyu ni wetu? Mafiga ikisema ndiyo, mlango unafunguka, na orodha ya damu nayo inafunguka, maana ilikaa kwenye seva hiyohiyo. Alhamisi Hashimu, fundi wa Mafiga, alitengeneza cheti cha seva, kitambulisho cha kuonyesha kwamba ndiyo yenyewe. Ijumaa Wilfred alizunguka kompyuta zote kumi na moja akaziamuru: kabla hujaiambia Mafiga neno lolote, dai cheti chake, kihakikishe, halafu mzungumze kwa siri. Ukikitilia shaka, nyamaza.

Hakuishia hapo. Alifuta maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kwa sababu kuna mfanyakazi aliyefukuzwa akaendelea kuingia nayo. Akafunga na akaunti ya fundi iliyokuwa ndani ya kila mashine, ili hata fundi mwenyewe aulizwe Mafiga. Wilfred aliishia darasa la saba. Kazi hii aliipata kwa kubebea wenzake nyaya. Ijumaa ile alikwenda kulala akijiona mtu.

Sasa alikaa mbele ya kompyuta ya maabara, akaandika jina lake na neno lake la siri kwa kidole kimoja kimoja. Kioo kikamjibu: imeshindikana, jaribu tena. Akajaribu tena. Akachomoa waya, akauchomeka. Akazima, akawasha. Akaenda ya mapokezi, ikamjibu hivyohivyo; ya wodi ya wanaume, hivyohivyo. Taa za kisanduku cha mtandao zilikuwa zinapepesa kijani kama kawaida, kwa hiyo Mafiga ilikuwa inafikika. Ila kompyuta zilikuwa zimenyamaza, kama alivyoziamuru.

Alimpigia Hashimu. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena.

"Kaka Wilfred, nipo Ngerengere, tunazika," Hashimu alinong'ona. "Nimeshika koleo hapa."

"Nani yupo ofisini?"

"Jumapili? Paka."

"Hashimu, sina utani. Kuna mtu anakufa. Fungua njia ya zamani, ile ya wazi, nusu saa tu."

"Nifungue kwa nini, kwa koleo? Ile seva haifunguki kwa simu, wewe mwenyewe ndiye uliyesema isifunguke kwa simu. Nikitoka sasa hivi, mpaka Mafiga ni saa moja na nusu, nikipata gari." Koleo lilisikika likitupwa chini. "Natoka. Lakini niambie, ilifanya kazi lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana. Wote waliingia."

"Tangu jana umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Basi kuna aliyegusa," Hashimu alisema, akakata.

Sista Rosa, msimamizi wa hospitali, aliingia kutoka chumba cha upasuaji, bado na viatu vya theatre. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku ya sikukuu.

"Dakika ngapi, Wilfred?"

"Sijui, Sista."

"Padri ametangaza kanisani. Wamekuja kumi na wanne. Kila mmoja anasema alipimwa, hakuna anayekumbuka aliambiwa nini. Wanasema, si mmeandika nyie?"

Agnes alikuwa ameshaanza kuwatoboa vidole. A. O chanya. B. O chanya. Alikuwa anaita majibu kwa sauti bila kuinua kichwa, na kila alipoita, Wilfred alihisi kama anazabwa kofi.

Rehani aliingia bila kubisha. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mguuni ndala moja. Nyingine sijui aliiacha wapi. Alimtazama Wilfred kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi."

"Shikamoo." Aliitoa kama anavyotema mtu ganda. "Nimeambiwa majina yamo humo ndani."

"Yapo Mafiga. Humu ndimo yanamopitia."

"Na aliyefunga?"

Wilfred angeweza kusema mtandao. Watu wengi hukubali ukiwaambia mtandao.

"Mimi," alisema.

"Basi fungua."

"Sijui kwa nini haifunguki."

"Hujui!" Rehani alicheka, kicheko kibaya. "Mimi nikifunga banda la mbuzi wangu najua nitalifunguaje. Mzee mzima unafunga mlango wa watu, ufunguo umeumeza! Wenzako na daftari lao walikosea nini?"

Wilfred alikuwa amekwisha jishawishi kwamba cheti chenyewe ni kibovu, kwamba Ijumaa alinakili vibaya, na kama ni hivyo hakuna la kufanya mpaka Hashimu afike. Saa moja na nusu. Upande wa pili wa ukuta alisikia daktari anaagiza vitambaa, vingine, vingine tena.

Kuna aliyegusa, alisema Hashimu.

"Sista," aliita. "Jana nani aligusa kompyuta?"

"Hakuna. Jana jioni nilizima mwenyewe, kama kila Jumamosi."

"Ulizima kompyuta?"

"Nilizima swichi kubwa, Wilfred. Betri za jua zipumzike, umeme wote uende friji na theatre. Miaka kumi na mmoja nafanya hivyo, na wewe upo hapahapa."

Alikuwepo hapohapo. Kila Jumapili asubuhi alisikia kompyuta zikiwashwa upya na hakuwahi kulitia jambo hilo maanani, kama mtu asivyosikia tena mto unaopita nyuma ya nyumba yake.

Kwenye pembe ya juu ya kioo palikuwa pamebandikwa plasta ya kidonda. Vioo vyote vya hospitali vilikuwa nayo. Wauguzi waliibandika zamani kwa sababu saa ya kompyuta ilikuwa ikidanganya, na siku moja nusura mtu apewe dawa mara mbili kwa kuifuata. Tangu hapo walitazama saa ya ukutani. Wilfred aliibandua plasta kwa ukucha.

Chini yake kompyuta ilikuwa inasema ni mwezi Machi, miaka mitatu nyuma.

"Mungu wangu," alisema.

"Nini?" Rehani alisogea.

Wilfred alikuwa akijieleza mwenyewe zaidi kuliko kumweleza Rehani. Ndani ya kila kompyuta kuna kibetri cha mviringo, kidogo kama sarafu, kinachokumbuka tarehe umeme ukikatika. Vya kwao vilikufa siku nyingi. Swichi ikizimwa, kompyuta inaamka haijui leo ni lini, inakamata tarehe yoyote ya zamani. Siku zote haikudhuru. Lakini sasa imeamriwa kukagua cheti, na cheti kimeandikwa kimeanza kutumika Alhamisi hii. Kwa kompyuta inayojiona ipo miaka mitatu nyuma, Mafiga imeleta cheti ambacho hakijazaliwa. Imekikataa, kama askari yeyote mwenye akili angekikataa. Na Ijumaa, alipokuwa anafunga kufuli lake, alinyoosha tarehe za kompyuta zote kwa mazoea tu, kama mtu anavyopangusa meza kabla ya kuweka sahani, asijue kwamba meza ndiyo iliyobeba kila kitu.

Kubadili tarehe kulihitaji ruhusa ya fundi, na fundi alikuwa amefungiwa nje. Ila kuna mahali, sekunde za kwanza za kuwashwa, ambapo kompyuta haijawa Linux bado, haijawa ya mtu yeyote. Aliizima. Alipoiwasha aligonga kitufe cha F2 mfululizo, kikagoma. Akazima, akagonga tena, ukurasa wa bluu ukatokea. Kwa haraka akaandika mwaka usiokuwapo. Akafuta. Akaweka siku, mwezi, mwaka, saa, akahifadhi, akasubiri. Rehani alikuwa amesimama nyuma yake, pumzi yake ikimpiga shingoni.

Akaandika neno la siri. Mlango ukafunguka.

"Agnes!"

O hasi walikuwa saba kwenye mlima mzima. Agnes alisoma namba, Sista alipiga kwa simu yake, Rehani kwa yake. Wa kwanza alikwisha fariki. Wa pili alikuwa Dumila, anauza vitunguu. Wa tatu hakupatikana. Wa nne, Leonard, alipokea akiwa kwenye matuta yake ya karoti, akasikiliza, akasema tu, "Nakuja," na akaja akikimbia, magoti yamejaa udongo. Wa tano alikuwa Glory, mwalimu wa chekechea. Alikuwa kanisani wakati wote ule, chumba cha nyuma na watoto, tangazo la padri lisimfikie, hatua mia mbili kutoka kwenye friji.

Mfuko wa Leonard uliingia theatre saa nne na nusu. Wa Glory ulifuata.

Saa saba kasoro Sista Rosa alitoka. Alivua kofia, akamwambia Rehani palepale koridoni, bila kuzungusha, kwamba Mwanvita yu hai na ataishi. Halafu akamwambia lililobaki. Daktari hakuwa na damu ya kumwezesha kungoja. Saa nne juu ya alama, kabla majina hayajapatikana, alimtoa kizazi, kwa sababu ilikuwa ama hivyo ama azikwe.

Rehani alimgeukia Wilfred, ambaye alikuwa anatoka wodini baada ya kunyoosha tarehe ya kompyuta ya sita.

"Fundi. Hii damu ingekuja wakati ule ninaingia pale kwako, wangemkata?"

Sista Rosa alifungua mdomo. Wilfred alimtangulia.

"Nadhani wasingemkata," alisema.

Rehani alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona hawezi kuipunguza. Hakutukana. Aliuliza mtoto yuko wapi. Sista akamwonyesha mlango, naye akaenda, mguu mmoja peku.

Zilibaki kompyuta tano.