Mkebe Mmoja, Wenyewe Ishirini na Watatu

Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijatia chumvi. Chumvi pekee mtakayoikuta humu ni ile iliyokuwa kwenye viazi, nayo ilikuwa ya kiasi.

Naapa mapema kwa sababu wajukuu zangu wamenipa jina la Babu Chuku, na mke wangu, badala ya kuwakemea, ndiye anayelitamka kwa sauti kubwa kuliko wote. Jana alinikuta nachonga penseli.

"Unaandika nini tena?"

"Habari za mikebe, kule udobini."

"Zile za kweli au zile zako?"

"Mama, kwani kuna kweli mbili?"

Akatia uzi kwenye sindano bila haraka. "Nitasoma. Nikikuta uongo, hata mmoja, utaamka alfajiri mwezi mzima kufunga vyakula vya nyumba hii."

Maana yake chakula cha kazini cha binti yetu muuguzi, cha mkwe wetu fundi umeme, na cha shuleni cha mjukuu wetu wa darasa la tano, ambaye hali kitu kilichogusana na kitu kingine. Nimekubali. Mtu mkweli haogopi jiko.

Basi. Nilikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda cha udobi. Tulifua mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya mahoteli. Mimi nachochea moto, mvuke unapanda, unakwenda kwenye pasi kubwa zenye upana wa mlango. Bomba la mvuke lilipita ukutani kutoka boila hadi chumba cha pasi, na juu ya bomba hilo ndipo tulipopanga mikebe yetu ya chakula. Saa nne unapandisha, saa sita na nusu unashusha, na ukifunua moshi unakupiga usoni kana kwamba umepakuliwa sasa hivi.

Msidhani ilikuwa kurundika tu. Kila chakula kilikuwa na kituo chake. Viazi karibu na boila. Wali wa jana, uliokaangwa upya na kitunguu, karoti na yai, ulikaa katikati, na mwenyewe alinyunyiza maji vijiko viwili kabla ya kufunika, usije ukawa changarawe. Mchuzi ulikuja kwenye chupa yake ukaonana na wali saa ya kula, si kabla. Mkate haukupanda kabisa. Ulikaa mfukoni, nyanya na tango zikiwa pembeni kwenye karatasi, maana mkate uliolala na nyanya hauna tofauti na sponji.

Bomba lile lilikuwa na adabu zake. Siku moja mpanga mizigo wetu alileta yai bichi akitegemea bomba limchemshie. Moto wangu siku hiyo ulikuwa wa taratibu mno. Alipofunua mkebe, kifaranga kikamtazama, kisha kikanitazama mimi.

Kisha akaja meneja mpya. Alivaa filimbi shingoni kama refa, tukamwita Filimbi, naye akadhani ni sifa. Wiki yake ya kwanza aliipuliza chini ya bomba hadi mifuniko ikatetemeka.

"Hapa ni kiwandani, si jikoni kwa mama zenu! Kuanzia kesho, chakula cha nyumbani marufuku. Kila mtu atakula kantini. Nitakayemkamata na mkebe, aondoke nao, asirudi."

Kantini ilikuwa ya shemeji yake. Ilipika maharage, na kesho yake maharage. Yaligonga sahani kama kokoto, na pilipili yake ilikuwa ya kuficha makosa.

Sisi wengine tungevumilia, tukilaani chini kwa chini. Lakini kulikuwa na mnyooshaji mmoja, tukimwita Dada Pasi, mwenye vidonda vya tumbo. Daktari alikuwa amemwambia: chakula laini, kwa wakati, pilipili hata kuinusa asiinuse. Alikuwa akilea wadogo zake watatu kwa kazi ile. Akila kantini, atalala hospitali juu ya mashuka aliyoyanyoosha mwenyewe. Asipokula, ataanguka juu ya pasi yenye moto. Akila chake, kazi imekwenda.

Siku tatu alishinda na maji. Siku ya nne nikamwona ameshika ukingo wa pasi, midomo imemkauka. Hapo damu ikanichemka kuliko boila. Nikawakusanya watu nyuma ya mapipa ya sabuni.

"Jamani," nikasema, "tumbo halina meneja. Kuanzia kesho tutakula vyetu."

"Kwa bomba lipi? Filimbi halali!"

"Hatuhitaji bomba. Kitambaa cha meza kikitoka kwenye pasi kina moto kiasi gani?"

Wakatazamana. Kitambaa kizito kilichokunjwa mara nane, kimetoka kwenye pasi sasa hivi, kinahifadhi joto kuliko blanketi. Tukawa tunaweka mkebe katikati ya furushi la vitambaa, tunafunga kamba, tunaliweka kwenye rafu pamoja na mafurushi ya wateja. Ya wateja, fundo juu. Ya chakula, fundo chini. Filimbi alipita mbele ya rafu ile mara kumi kwa siku, pua juu kama mbwa wa polisi, akanusa sabuni tu.

Na tulikula, wenzangu! Kwa kiburi tulipika vizuri kuliko zamani. Mtu aliyezoea kuleta wali mtupu sasa alileta kuku aliyechambuliwa na kuchanganywa na kabichi na karanga za kukaanga. Mwingine mayai yaliyokunjwa na hoho. Siku ambayo sote tulileta samaki, paka walipanga mstari nje ya geti, mrefu kuliko wa kantini.

Aliyetuponza ni mpanga mizigo. Alhamisi moja mkokoteni ulijaa pomoni. Mafurushi hayakukaa vizuri, akayageuza juu chini yapate kulaliana. Fundo la chini likawa juu. Furushi moja la chakula likaenda nyumbani kwa tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda, mzee ambaye hatukumwona ila kwenye picha ya ofisini.

Saa nane gari lake likasimama getini. Akaingia, mkebe mtupu mkononi, umelambwa hadi unang'aa. Filimbi alipuliza, tukasimama mstari.

"Nimekunjua kitambaa mbele ya wageni wangu," mzee akasema, "nikakuta viazi. Vimepondwa na limau, kitunguu kimekaangwa hadi kikawa kama asali. Nani mwenye mkebe huu?"

Filimbi akageuka rangi ya shuka. "Mwenye mkebe huo hana kazi kuanzia sasa, mzee! Ajitokeze!"

Hata mvuke ulijizuia.

Nikapiga hatua mbele. Nikamtazama Filimbi ndani ya macho. "Ni wangu," nikasema. "Na kesho nitaleta mwingine."

"Umefukuzwa!"

Hapo Dada Pasi akatoka. "Ni wangu."

Mpanga mizigo akatoka. "Wangu huo!" Kisha wafuaji, wakunjaji, mshona vifungo. "Wangu!" "Wangu, nauona na mbonyeo wake!" Mlinzi wa geti, ambaye hakuwa hata na habari, akapiga kelele kutoka nje, "Na mimi!"

Mzee akahesabu kwa kidole. "Mkebe mmoja una wenyewe ishirini na watatu?"

"Ndiyo, mzee," tukajibu. "Tufukuze wote, kisha meneja akunyooshee mashuka."

Mzee aliagiza sahani ya kantini. Akatia kijiko kimoja mdomoni. Tulisikia *ka!* na jino la dhahabu likaruka, likapiga filimbi ya meneja, filimbi ikalia yenyewe. Mzee akafuta machozi ya pilipili, akanyoosha kidole ukutani.

"Kesho mikebe irudi kwenye bomba."

Ikarudi. Baada ya mwezi hata Filimbi alikuja na mkebe wake. Tulimpa nafasi mwisho kabisa wa bomba, kwenye baridi.

Hapo nilipiga nukta, nikampa mke wangu karatasi. Akavaa miwani. Akasoma zote bila kucheka, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Kisha akaniambia nimletee kopo lake la sindano juu ya kabati.

"La nini?"

"Lete tu, Babu Chuku."

Nikaleta. Akamwaga vifungo na sindano mezani, akaligeuza, akanionyesha chini yake. Pale palichorwa kwa msumari picha ya pasi.

"Mkebe huu wa nani?"

Nikakohoa. "Wako."

"Viazi vya nani?"

"Vyako."

"Fundo la chini alibuni nani?"

"Mama Pasi, mambo ya zamani hayo..."

"Na aliyepiga hatua ya kwanza, mbele ya Filimbi, akiwa na wadogo zake watatu wa kulisha?"

Kopo lilikuwa linanitazama kama kile kifaranga.

"Wewe ulikuwa nyuma ya boila," akasema. "Niliona buti zako. Walitoka watu ishirini na wawili, na mlinzi akiwemo, ndipo ukachomoza, masizi hadi kwenye kope. Wa ishirini na tatu."

"Lakini nilitoka."

"Ulitoka." Akavua miwani. "Kama usingetoka, usingenioa. Alfajiri, saa kumi na moja. Viazi viko kwenye kikapu."

Leo ni siku ya nne ya adhabu yangu, na jiko linanijua kwa jina. Binti amepata wali wa jana na yai, maji vijiko viwili. Mkwe nimemfungia mkate, nyanya pembeni. Mjukuu nimemkatia vizuizi vya karoti kati ya kuku na viazi, visionane, na jana mkebe ulirudi mtupu. Viazi ni vya limau, kitunguu kama asali, kwa maelekezo ya mwenyewe, aliyesimama mlangoni amejifunga khanga akisema moto umezidi. Mimi, mtu wa boila miaka thelathini na moja, naambiwa moto umezidi!

Nimefuta hatua yangu ya mbele kwa ulimi na kwa moyo, na hapa kwa penseli nimeiacha ili muone nilivyokamatwa. Nimefuta na jino la dhahabu. Lilikuwa la kawaida. Ila habari ya kifaranga siifuti, hata kama adhabu itaongezwa mwezi wa pili. Nilikuwepo. Kilinitazama.