Mstari wa Kumi na Moja

Albamu ya Chiriku ilikuwa na wiki sita tangu itoke, na kila redio ilisifu pahali pamoja: mwisho wa wimbo wa tatu, sauti inapopanda na kukaa juu kama haitashuka tena. Alikuwa ameacha bendi ili aimbe peke yake. Waliosema hatafika mbali walikuwa wamefyata mkia.

Asubuhi ile alikuja studio kwangu kufanya mazoezi ya onyesho la Jumamosi. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa amepiga magoti akimrekebishia pindo la gauni, pini mdomoni. Mara nne Chiriku aliifuata sauti ile; mara nne ikamkatikia njiani.

"Fundi, spika zako zina wivu," aliniambia.

Nilifanya ninavyofanya nikikwama: nikazima kila mstari wa sauti kwenye kompyuta, nikawasha mmoja mmoja. Wa kumi na moja ulipowaka, ikatoka sauti ile ya juu, peke yake, safi. Haikuwa ya Chiriku. Siku moja tulipokuwa tukirekodi alikuja amepwelewa sauti, dada yake akaimba mahali pake kwa muda ili wapiga ala wapate wa kumfuata. Mimi ndiye niliyepaswa kuifuta sauti hiyo baadaye. Nilisahau.

Chiriku alitazama chini. "Dada, ulijua?"

Dada alitoa pini mdomoni, moja moja. "Tangu redio ilipoupiga mara ya kwanza. Nilikuwa nashona. Nikasimamisha mashine, nikasikiliza."

"Ukakaa kimya."

"Ningesema nini, mdogo wangu? Jalada lina picha yako."

"Kosa ni langu," nilisema. "Tuushushe wimbo kidogo, uimbe pale sauti yako inapofika."

"Watu wanakuja kusikia palepale." Chiriku alinigeukia. "Jumamosi iwashe hiyo ya kumi na moja. Mimi nitafungua mdomo tu."

Dada alikuwa bado amepiga magoti, akilainisha pindo ambalo lilikwisha kunyooka.

"Kitambaa kimebaki cha kunitosha na mimi," alisema taratibu. "Niambie mapema tu nisikurupushwe. Jukwaani liwe gauni moja au mawili?"

Chiriku aliugeukia ukuta.

"Moja," alisema.

Dada akarudisha pini mdomoni, moja moja.